Waya Uliokatika Ndani ya Nguo Yake

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wewe shangazi, shikamoo, maana najua maneno haya yanapita machoni mwako kwanza kabla ya kufika masikioni mwa baba. Goti linasemaje siku hizi? Na kikohozi chako, baba, kimehama au bado ni mpangaji? Mimi ni mzima, ila mikono tu haitakati tena hata kwa sabuni ya unga. Shangazi, leo naomba usome taratibu, na ukifika mahali pagumu usiruke mstari. Baba atajua, sauti yako hubadilika ukificha kitu.

Habari kubwa ni kwamba gari limewaka.

Naam, lile lile jekundu la milango miwili, ambalo jirani aliliita kiatu kwa jinsi lilivyo chini. Kaka aliposema analihitaji banda lilimolala, na kwamba gari la mbio lisilowaka miaka sita ni chuma chakavu tu, nilimwomba tulivute hadi karakana ninakofanya kazi tangu nimalize chuo. Alicheka, akauliza ya nini kumpaka maiti wanja. Lakini kamba alileta yeye, na usukani akaushika yeye.

Fundi mkuu wetu tunamwita Taratibu, kwa sababu hana subira hata ya chai kupoa. Alipoliona gari akaisahau chai yenyewe. Alisema magari ya namna hii hayana kompyuta ya kusingizia. Likikataa kuwaka, umeme umepotea njiani, na kazi ni kuufuata kama mtu anayemfuata mbuzi aliyekata kamba. Nilitaka kumwambia kwamba mimi hayo niliyasikia kabla sijajua hesabu za kugawanya.

Basi tukaufuata. Betri tuliweka mpya, na stata ikaizungusha injini vizuri. Nilichomoa plagi moja nikaiegemeza kwenye chuma cha injini huku Taratibu akipiga stata. Hakuna cheche. Koili, inayoukuza umeme uwe cheche, ilikuwa ikiupokea. Tukafungua kifuniko cha distributa inayozigawia plagi cheche, na hapo Taratibu akazikwangua platini kwa ukucha. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika karakana nzima, kama gari hili lilikuwa linaolewa, maana platini zake zimepakwa rangi ya kucha, ile angavu kama maji. Alisema tangu ashike spana hajapata kuona mtu akiviremba vidude viwili ambavyo kazi yao yote ni kugusana na kuachana ili cheche itoke. Wenzangu walicheka hadi mmoja akakalia tairi. Mimi pia nilicheka.

Nikazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, nikiwa na hakika kwamba sasa litawaka. Halikuwaka, baba. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Nilirudi kwenye distributa, nikafumba macho, nikapapasa kama ulivyokuwa ukipapasa wewe. Kuna ule waya mdogo wa ndani, mfupi kama kidole, unaopeleka umeme kwenye platini. Kwa nje ulikuwa mzima, lakini katikati ulipinda kilegevu kama uzi. Nikaupasua kwa wembe. Shaba ilikuwa imekatika, na nguo yake ya plastiki haina hata mkwaruzo. Nikafunga mwingine. Stata ya kwanza injini ilikohoa. Ya pili ikashika. Taratibu akavua kofia, akataka kujua ni nani aliyenifundisha kusoma waya kwa vidole. Nilimwambia ni baba yangu, kisha nikaenda nyuma ya karakana nikalia.

Rangi ile ya kucha niliipaka mimi.

Unakumbuka uliponiuliza, pale makutano, taa ni ya rangi gani, ukajifanya unanitania? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku mbili baadaye ulipanda ukingo wa njia, na mwanamke aliyembeba mtoto akaruka kutupisha. Wewe hukumwona. Ukaniapisha nisimwambie marehemu mama kwamba macho yako yanakwisha. Siri niliitunza, lakini sikuweza kukuacha uendeshe tena, na rangi ya kucha haipitishi umeme. Kila uliponiagiza nisugue platini nilisugua kweli, nawe ukiusikiliza msasa. Ulipokwenda kunawa mikono, nikapaka upya. Tulibadilisha plagi, tukabadilisha koili, tukabadilisha hata platini zenyewe. Miezi mitano.

Lakini wiki ile gari lilikuwa tayari linamisi, moto ukikatakata kwenye mashimo, na siku ya kwanza kabisa lilipokataa kuwaka uliugusa ule waya mdogo ukasema umekatika ndani ya nguo yake. Nikakujibu kwamba ni mzima. Hata sikuutazama. Nilidhani naujua ugonjwa, kwa kuwa niliuweka mimi; kumbe gari lilikuwa na wake. Ukaniamini mimi, ukaacha kuviamini vidole vyako. Ukafunga sanduku la spana, ukasema mkono wa fundi umetangulia kufa kabla ya mwenyewe. Haukufa, baba. Niliusingizia.

Siombi radhi kwa kulizuia gari, ningelizuia tena. Naomba radhi kwa neno moja, lile la "mzima", na kwa miaka sita niliyokuacha nalo. Na asante. Ulikuwa unatafuta kosa langu bila kujua, na katika kulitafuta ukanipa kazi yangu yote: kusikiliza, kupima, kutokisia. Chuo kilinipa cheti tu.

Injini inanguruma lakini haijatulia. Taratibu alitaka kupanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa taa yake ya kupimia, nikamwomba asiguse. Boliti ya distributa nimeiacha imelegea. Alhamisi asubuhi nitakuja na kaka kukuchukua. Mimi nitapiga stata, wewe utaizungusha distributa kwa mkono wako mpaka sikio lako liseme basi. Ukiwa na hasira, njoo nayo. Ukikataa kuja nitaelewa, lakini boliti sitaikaza.

Nisalimieni wote wa nyumba hiyo, na jirani anayewaletea gazeti. Mbaki salama mpaka tuonane.

Ni mimi,
mwanao wa mwisho