Mikono ya Chiriku

Juu ya duka la viatu,
Mlango wa kijani.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Wifi yangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwani. Hujambo? Mama mkwe na goti lake anaendeleaje? Mwambie aache ubishi na ngazi. Sisi wazima. Kaka yako anachomelea mageti mpaka Jumamosi, na amenenepa, usimwambie kama nimekuambia. Mimi saluni yangu ya kiti kimoja imejaa. Wateja wakikuta foleni wananuna, lakini hawaondoki.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za Chiriku, binti wa kaka yako.

Shule yao ina majengo mawili. La mbele ni la watoto wa hapa. La nyuma, kwenye mapipa ya taka, ni la watoto wa wageni kama sisi, wakubwa na wadogo darasa moja. Katikati kuna uzio wa vyuma, hata kucheza kila mmoja upande wake. Tuliambiwa ni kwa muda, mpaka washike lugha. Chiriku lugha ameishika zamani, anagombana nayo hata na mwenye nyumba na anashinda, lakini mwaka wa pili huu yuko kule kule. Kila nikiuliza, naambiwa nisubiri. Wifi, iliniuma. Nilikuwa nafika pale shuleni, narudi nimevimba.

Yeye hakusubiri. Unakumbuka ulivyokuwa unamsema, "Mtoto huyu mikono haitulii, atatufumulia hata mkeka"? Basi mikono hiyo hiyo! Msichana mmoja wa upande wa mbele aliegemea uzio, Chiriku akapitisha mikono katikati ya vyuma akamsuka mistari. Na mistari yenyewe imenyooka kama imepigwa rula! Kesho yake wakaja wengine. Wanakaa chini wamempa mgongo, yeye anasuka huku anawachekesha.

Siku moja kengele ikalia kichwa kikiwa nusu. Mimi nimemfundisha kwamba mteja haondoki na nusu kichwa, hata nyumba ikiungua. Chiriku akazungukia mlango wa barabarani, akaingia jengo la mbele, akaketi nyuma ya yule msichana darasani na kuendelea kusuka. Mwalimu wa hesabu alipogeuka kutoka ubaoni akauliza, "Na wewe ni wa wapi?"

"Wa hapo nyuma, mwalimu. Namalizia, wewe endelea tu."

Darasa zima likavunjika mbavu.

Nikaitwa na mwalimu mkuu. Nilijua wanamfukuza. Nilikuwa namsuka mkunga mmoja. Mimi mwenyewe nikamwacha kitini na nusu kichwa, nikakimbia na chanuo mkononi.

Nilimkuta Chiriku amesimama wima mbele ya meza, hana hata chozi. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, akasema sheria ni sheria. Mtoto akajibu kwa adabu, mikono nyuma: "Mwalimu, niliingia kumaliza kazi. Lakini nimekaa somo zima na nimeelewa. Sasa kule nyuma nangoja nini?"

Mama wa watu akamgeukia mwalimu wa hesabu aliyekuwa pembeni. Naye akasema, "Ameelewa kweli. Nilimuuliza maswali."

Mwalimu mkuu akasema haya, Jumatatu ahamie mbele. Mimi niko tayari kushukuru tuondoke, Chiriku anaongeza, "Na wenzangu walioshika lugha?" Nilimfinya, Wifi. Hakujali kabisa! Huo moyo ameutoa kwangu, msibishane huko.

Niliporudi mkunga bado yuko kitini. "Wamemfukuza?"

"Wamemhamishia mbele!"

"Basi njoo umalizie na huku nyuma ya kichwa changu."

Tangu Jumatatu anasoma jengo la mbele, yeye na wenzake kadhaa. Waliobaki bado wako kwenye mapipa, na hilo halijaniisha moyoni. Kaka yako amemwambia mwalimu mkuu kuung'oa ule uzio ni kazi ya asubuhi moja, na haihitaji hata senti. Bado hawajamjibu. Juzi nilipita pale wakati wa mapumziko nikamwona Chiriku. Amekaa uzioni kama zamani, ila sasa yuko upande wa mbele, amepitisha mikono anawasuka wa nyuma.

Nisalimie mama mkwe, mumeo, watoto wote, na yule jirani yako fundi cherehani. Mungu awalaze salama na kuwaamsha na furaha.

Wako akupendaye, asiyekuchoka,
Mama Chiriku