Imbwa ya Marehemu Esdras na Farasi ya Fermu

Loashi, Masisi
Tarehe 14 mwezi wa tisa 2019

Mupendwa mudogo wangu Constance,

Jambo sana kutoka huku mulimani. Uko aje? Watoto wako aje? Na ile kikohozi ya Bibiche, ilishaisha? Miye niko muzima, Mungu asifiwe, ila goti ya kuume inanisumbua kila mvua ikikaribia, na huku mvua inakaribia kila siku.

Nakuandikia karatasi kwa sababu telefone yako kule Itebero haipatikane hata kidogo. Jirani yangu Samy anashuka Kashebere na pikipiki yake kuuza maharagi, na amenihakikishia atapata mwenye kutembea mpaka kwenu.

Maharagi ilizaa vizuri, muhogo nao haiko mubaya. Nyumba njo imekuwa kubwa sana. Tangu tumuzike bibi yangu Brigitte, na binti yetu Shekinah kuolewa kule Goma, napika bugali ya muntu mumoja na kila mara inabaki.

Sasa nikuambie habari ya Mokonzi, imbwa ya marehemu bwana yako. Nyuma ya matanga ya Esdras ulinitumia yeye, ukasema: "Kaka, miye sina tena muwindaji mu nyumba, na wewe hauna wa kusema naye." Nilikasirika kidogo. Nikasema, huyu dada ananiona miye muzee wa kuchungwa na imbwa? Lakini ule mujanja alilala mbele ya mulango wangu siku ile ile alipofika, na nikaanza kumusemesha. Namuambia bei ya chumvi, namuambia ndoto zangu. Hajibu, ila anasikiliza vizuri kuliko diakoni wetu.

Shida ilikuja na farasi. Unakumbuka fermu ya ngombe iliyo juu ya shamba langu? Patron, mwenye fermu, alileta farasi mule, ili Ndayambaje, mukubwa wa wachungaji, azunguke nayo malisho. Na njia ya kwenda kwenye maharagi yangu inapita mule mule. Mokonzi alikomalia mu pori, nguruwe ya pori anaijua, lakini munyama murefu namna ile, mwenye kupumua kama mashini ya kusaga, hakuwa ameona. Siku ya kwanza aliivamia miguu ya nyuma bila kubweka, unajua imbwa za kwenu hazibweke. Farasi ikaruka, Ndayambaje akajikuta mu matope, yeye na kofia yake. Alisimama, akaniambia kwa upole, na ule upole njo uliniogopesha: "Papa Grégoire, tunasali kanisa moja. Lakini imbwa hii ikirudia, nitaiua."

Constance, sikulala vizuri. Utanicheka, lakini ndani ya hii nyumba yeye njo muntu wangu.

Basi nikaanza kumufundisha. Nilimufunga kamba, tukakaa mbali, karibu na waya ya kuzunguka malisho, farasi ikiwa kule inakula majani. Akisimamisha masikio, nanyamaza. Akivuta kamba, nageuka, tunaenda zetu. Akiacha farasi na kuniangalia miye, namupa ndagala moja kavu, ile samaki kidogo. Kesho yake tunasogea kidogo. Sikumupiga hata fimbo moja. Ndayambaje mwenyewe alishangaa, akaanza kutusaidia, anapitisha farasi pole pole mbele yetu huku anaimba. Ndagala zangu zote ziliishia mule, miye nikabaki kula sombe, majani ya muhogo, bila kitu. Lakini siku moja farasi ilishusha kichwa, ikamunusa mugongo, naye akakaa tu, anatetemeka kidogo kama mutoto mbele ya dokta. Nilitaka kupiga vigelegele kama mama!

Hapo kiburi ikaniingia. Nikajiambia, farasi inashituka kwa sababu haisikie imbwa ikija mu majani. Nikakumbuka ile kengele ya mbao uliyoweka mu gunia pamoja naye. Nikamufunga shingoni, nikafungua kamba, nikatembea kifua mbele, mbele ya wachungaji wote. Ee Mungu wangu! Kengele ililia kidogo tu, na ile imbwa niliyoifundisha haikuwa tena pale. Pua chini, mukia juu, akazunguka farasi kama vile anaisukuma kwenye wavu. Farasi ikakimbia, ikaanguka mu mutaro, mabega ikachubuka. Ndayambaje akachomoa panga. Nilijitupa juu ya Mokonzi, nikalia mbele ya watu: "Uanze na miye!" Alisimama pale anahema. Kisha akashusha panga, akasema nisimulete tena.

Nilipofika nyumbani nilimutoa kengele. Hapo hapo akapiga miayo, akalala. Nikamurudishia, akasimama, macho kwenye mulango. Nikatoa tena, akalala. Kumbe! Esdras alikuwa anamufunga ile kitu wakati wa kuingia pori tu, wavu zikiwa zimeshategwa. Miye mwenyewe njo nilimuambia, twende tuwinde. Nilicheka mpaka machozi, nikageuka nimuambie muntu, na hakukuwa muntu. Ungekuwa karibu, ungeniambia kwa neno moja tu, na farasi ya wenyewe haingeumia.

Kesho yake nilipanda na kengele mukononi, nikamuelezea Ndayambaje. Na yeye akacheka. Tukaanza upya, na kamba, bila kengele. Safari hii Mokonzi hakuchelewa kuelewa.

Ameelewa kupita kiasi, mudogo wangu. Ile farasi iko peke yake mu huu mulima wote, haina mwenzake hata mumoja. Sasa nikilima namuacha Mokonzi mule, na jioni nikimuchukua, farasi inalia, inatembea kando ya waya mpaka tunapotea. Naye Mokonzi alianza kusimama katikati ya njia na kuangalia nyuma. Nikimuita anakuja, lakini anakuja kwa heshima tu. Juma iliyopita hakurudi. Nilipanda kumutafuta na kamba yangu, nikamukuta amelala kati ya miguu ya farasi, na farasi imesimama haisogeze hata ukwato. Ndayambaje akaniambia: "Ni wako, Papa. Umufunge tu, umupeleke." Niliwaangalia wale wawili. Nikakunja kamba, nikashuka peke yangu.

Ninapita kumusalimia nikienda shamba. Anatikisa mukia, ananisindikiza mpaka kwenye waya, anarudi. Nyumba imenyamaza kabisa. Nimeumia, Constance, sitakuficha. Jana nilikaa na nguo za shamba mpaka giza, sikuona sababu ya kuvua.

Unisalimie sana mama mukwe wako, umushike mutoto wetu Plamedi mukono kwa niaba yangu, na Bibiche asiache kunywa asali. Mungu aliyewalinda mu matanga awalinde na mu kicheko.

Najua moyo yako. Ukimaliza kusoma hii, utaanza kuulizia kwa wawindaji imbwa ingine ya kunitumia. Usitume. Njia ikitulia na usalama ikirudi, chukua watoto, kuja wewe.

Miye kaka yako mwenye kukupenda na kukungojea,
Grégoire