Nyota Iliyotafutwa Kwenye Maharage Yangu

Jumatatu, 19 Mei
Maharage ya juu yamekauka, ya chini bado. Nimeanza kung'oa. Jioni nanawa miguu mlangoni, mwanga ukapita angani. Kijani, halafu mweupe. Ukapotelea nyuma ya kilima cha pili. Sikusikia kishindo. Basi ni mbali.

Jumanne, 20 Mei
Watu kumi na moja shambani, na majembe! Eti jiwe la nyota limeangukia kwangu. Wakitazama kutoka makwao, lilipotelea nyuma ya mikaratusi yangu. Jirani yangu Nyabenda kapaza sauti: "We Mtanzania, nyota iko kwako, unaficha nini?" Nilirudi Burundi kutoka Tanzania miaka kumi na tatu iliyopita. Nilianza na jembe moja, hakuna aliyenisaidia. Bado Mtanzania. Mistari miwili ya maharage imekanyagwa.

Jumatano, 21 Mei
Nimesimama mlangoni na dira ya simu, nimepima pale mwanga ulipopotelea. Digrii 115. Mstari mmoja hautoshi, lazima upatikane wa pili, kutoka mbali, ukutane nao. Ninayemjua mbali ni mmoja, kaka Deo, yuko Muyinga. Aliuza itongo, ardhi ya baba, bila kuniuliza. Simpigii simu.

Alhamisi, 22 Mei
Wamechimba tena. Imefika mistari mitano. Wakiendelea, msimu mzima umekwenda.
Nimepiga. Ya itongo hakuyagusa. Kasema, "Mdogo wangu, hata huku wanachimba. Mihogo ya watu imekwisha." Nikacheka. Sikutaka kucheka.
Kaenda kusimama pale alipouona mwanga, kapima. Digrii 153.

Ijumaa, 23 Mei
Nimeazima ramani ya shule ya binti yangu, na rula. Mistari haikutani hapa kwetu Bugendana, wala Muyinga. Inakutana ng'ambo ya mpaka, upande wa Kibondo. Kwenye kambi ya wakimbizi. Tulikokulia mimi na Deo.
Nimewaonyesha wote. Nyabenda kafuata mistari kwa kidole, mara mbili. "Kumbe imeenda kwenu!" Wamecheka mpaka basi. Wamebeba majembe yao, wameondoka. Pole hakuna.

Jumapili, 25 Mei
Nimemaliza kung'oa. Baada ya misa Deo kapiga mwenyewe. Kauliza kama nakumbuka mlango wa nyumba yetu ya kambini ulitazama wapi. Nakumbuka. Magharibi, huku Burundi. Baba aliujenga hivyo makusudi.
Uniti zinaliwa, Deo kasema anataka kuja.
Atakuja Jumamosi. Ya itongo bado yananiuma, nitamwambia. Maharage yako uani, yanakauka vizuri. Nimemtengea ya mbegu.