Saa ya Kina, Mkono wa Kulia

Jumatatu, 2 Juni
Nimeosha vifaa, nimeanika suti ya mpira kivulini. Kambini Kiloleli hakuna jipya. Upepo, samaki wa kukaanga, ziwa limechafuka. Kesho mimi na mzamiaji mwenzangu Issa tunashuka kusafisha chujio la bomba linalovuta maji ya kupeleka mijini. Saa ya kupimia kina navaa mkono wa kushoto, na dira hapo hapo. Ndivyo nilivyofundishwa.

Jumanne, 3 Juni
Siku mbaya.
Huko chini maji yaliibana suti, ikawa nyembamba. Mkanda wa saa ukalegea, saa ikazunguka hadi chini ya mkono. Wakati wa kupanda, mkono wa kushoto ndio unaoinua mpira wa kutolea hewa kwenye jaketi la kuelea. Nikauinua, saa ikaenda juu nao. Tope tupu, sikuona namba. Sikujua napanda kwa kasi gani. Nikafyatuka kama kizibo. Saa inalia kuonya kasi, naisikia, siwezi kuisoma. Issa akanidaka mguu, akanishikilia mpaka nikatulia.
Sikuumia. Niliogopa sana.
Bosi hakufoka. Amesema nikipanda hivyo tena, kazi yangu itakuwa kushika kamba botini. Afadhali angefoka.

Jumatano, 4 Juni
Nimepewa mapumziko, nimerudi Bariadi. Nimemkuta mume wangu kibandani kwake anashona soli. Akanisalimu kwa Kisukuma.
"Mwadila, mama Kabula. Mbona leo?"
Nikamweleza yote. Aliendelea kushona, ila alijichoma kidole. Hajawahi kuingia ziwani hata maji ya magotini. Najua anatamani niache kazi hii. Hasemi. Nampenda kwa hilo. Inaniudhi pia. Angesema, tungebishana.

Ijumaa, 6 Juni
Mume wangu kanishonea mkanda mpya wa saa. Wa ngozi, na ua kalichora. Nikamwambia ngozi ikilowa inavutika. Akanuna hadi chai.
Baada ya chai akakata sponji ya godoro la zamani, akanizungushia mkononi, akafunga saa juu yake.
"Hii ndiyo suti. Mimi ndiye ziwa." Akaibinya sponji kwa mikono yote miwili.
Saa ikateleza, ikageuka chini. Binti yetu Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka.
"Ndivyo ilivyokuwa?"
"Ndivyo."
Akatoka kwenda kutafuta tyubu ya baiskeli.

Jumamosi, 7 Juni
Mikanda miwili ya tyubu, mmoja kila upande wa saa. Ikivutwa, inarudi. Ziwa limebinya sponji mpaka jasho likamtoka. Saa haikusogea. Ziwa likatamba uani kama limeoa tena.
Bado swali la wapi. Nimesimama uani najaribu mikono, majirani wanashangaa. Kushoto juu, kama nashika mpira wa hewa. Kulia uko huru, mbele ya uso wangu. Nikampigia Issa. Kwani ni lazima kushoto?
"Mazoea tu, dada. Vaa pale utakapoiona wakati umeshika mpira."
Basi kulia. Dira ibaki kushoto.
Baba Kabula akauliza mkono wa kulia unafanya nini huko chini. Unashika brashi, nikasema. Unasugua chujio la chuma.
"Si itagongwa?"
Kweli. Nikaigeuza uso ndani, upande wa kiganja. Hapo haigusi chuma, na nikikunja mkono naisoma. Amenikunjisha mkono mara nyingi mno. Nimechoka. Nimefurahi.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Njiani kurudi nikamuuliza kama anataka niache.
"Nataka," akasema. "Lakini sitakuomba. Unaipenda."
Nimelia kidogo nikiosha vyombo. Si kwa huzuni.

Jumatatu, 9 Juni
Kambini. Bosi kesho atakuwa botini mwenyewe. Sijala.

Jumanne, 10 Juni
Tumeshuka. Maji yale yale, tope lile lile. Nikasugua chujio, saa haikuguswa. Suti ikabanwa, mikanda ikajikaza yenyewe.
Issa akaonyesha ishara ya kupanda. Kushoto juu, kulia mbele ya miwani. Namba nikaziona zote. Nikatoa hewa kidogo, nikangoja, nikatoa tena. Polepole. Saa ilikaa kimya njia nzima.
Juu bosi akasema, "Vizuri." Hilo tu. Limenitosha.
Nikampigia baba Kabula nikiwa bado nimelowa.
"Haikuzunguka?"
"Haikuzunguka."
Nikasikia akimwambia mteja asubiri.

Jumamosi, 14 Juni
Nyumbani. Alasiri ya upole. Kabula kasinzia mkekani. Tumekula michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa karanga.
Baba Kabula ameuona mkono wangu wa kulia, alama mbili za mikanda. Akachukua mafuta, akaanza kuzisugua kwa kidole gumba.
"Inabana. Nilegeze?"
"Usiiguse."
Akaendelea kusugua. Alama zilipotea, hakuuachia mkono. Chai ikapoa.