Namba ya Nsimire

Jumatatu, 5 Machi 2001
Umeme umerudi saa tatu. Wagonjwa sita kabla haujakatika tena, wote nimewafokea waharakishe. Wa mwisho Nsimire, miaka kumi na minne, wa Kalehe. Yeye na mama yake wameniletea mkungu wa ndizi, kama kawaida yao. Vali yake ya aota, mlango wa moyo unaotoa damu kwenda mwilini, ina vipande viwili badala ya vitatu, ndivyo alivyozaliwa. Kila mwaka namwangalia kwa ekografi, mashine ya picha za moyo: je, mlango umezidi kubana? Mwaka jana shinikizo la damu mlangoni hapo lilikuwa 24. Leo 41. Mapigo 120, nikadhani ni woga. Umeme ukazimika kabla sijarudia.

Nimemwambia mama yake ukweli. Ikipita arobaini, ni upasuaji, na hapa Bukavu hakuna wa kuufanya. Mama hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 6 Machi
Risasi tangu asubuhi. Sikutoka. Nimeandika barua kwa masista wanaopeleka watoto ng'ambo kupasuliwa. Nimechana, nimeandika upya. Nani atamvusha mpakani siku hizi? Nina hasira na vita, na mashine, na mimi mwenyewe.

Jumatano, 7 Machi
Hakuna umeme. Nimekula ndizi.

Alhamisi, 8 Machi
Mama Nsimire kaja kuchukua barua. Binti kabaki kwa shangazi yake, mtaa wa Kadutu, kakatazwa hata kuteka maji. Shule ndiyo basi. Nikauliza, ili nijaze fomu tu, kama Jumatatu ile alichoka njiani.

"Alichoka, Docta. Tulishuka mu bateau ku ziwa, akapanda mulima na ile ndizi yako mu mugongo. Tena mbio, juu ya vile walisema courant ya umeme itakatika."

Nimeiacha fomu. Wanafunzi wangu wa udaktari nawaimbia kila siku: mgonjwa apumzike kwanza. Mimi sikumpa hata dakika mbili. Moyo ukitoka kubeba mzigo unasukuma damu kwa nguvu, na namba inapanda. Pengine ni hivyo tu. Pengine siyo. Nimesema waje kesho, polepole, mikono mitupu. Kwa nini, sikuthubutu kusema.

Ijumaa, 9 Machi
Umeme saa nne. Nimemlaza Nsimire nusu saa nzima, macho yangu kwenye taa. Mapigo 72. Nimepima mara tano. 25. 26. 25. 25. 26.

Nimetoka nikalia kwenye ngazi. Nikarudi, nikamweleza mama kosa langu lote. Akaniuliza tu:

"Basi arudi ku masomo?"

Arudi. Tutaonana mwakani. Barua mama kanirudishia, nimeichana tena, safari hii kwa raha.

Jumatatu, 12 Machi
Waliondoka jana na bateau. Mkungu umebaki ndizi nne. Ile 41 sikuifuta kwenye faili. Kando yake nimeandika: kosa langu. Benchi la nje nimeliingiza ndani, karibu na mashine. Kila mgonjwa anakaa kwanza. Umeme ukikatika, ukatike.