Miwa ya Nyuma ya Jiko

12/3/2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako Kibonge anaota meno na hatulali. Mama, umekaa peke yako vya kutosha. Njoo tuishi wote. Chumba kipo, na baba Kibonge alikubali hata sijamaliza kusema.

Mbegu za miwa ulizompa dereva zimefika. Usinigombeze. Nilimenya kipande kimoja ninuse tu, nikajiona nimekaa kizingitini na wadogo zangu, tunakusubiri uvunje pingili kwa goti utugawie. Nikatafuna viwili. Kimebaki kimoja, kina macho matatu ya kuchipua. Nimekilaza nyuma ya jiko, yanapopita maji ya bafuni.

Mwanao.

2/4/2011

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalia kuliko mlango. Yaani mbegu umeitafuna! Umezaa, tumbo bado la mtoto. Hicho kimoja kifukie vidole viwili tu, usikizamishe.

Kuja, hapana. Huko nitakaa kama mgeni, kutandikiwa na kuulizwa kama nimeshiba. Usiniombe tena.

Mama yako.

20/5/2012

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa ukimya. Ulinikataza kuomba, na mimi sina barua isiyoomba. Afya yako je? Kibonge sasa anakimbia.

Miwa imenipita kimo. Jana nimekata ya kwanza, usawa wa goti ili panga lisiguse udongo. Nikamenya, nikatwanga kwenye kinu, nikakamua kwa kitambaa. Kibonge alikunywa, kisha akajifunika kikombe usoni akilamba ndani, hataki kukitoa. Mimi nilipoonja nikakukumbuka mpaka machozi, lakini juisi yangu haijafikia utamu wa ile uliyokuwa ukitukamulia. Sijui nakosea wapi. Nimekujazia chupa. Siombi kitu, onja tu.

Mwanao.

28/5/2012

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, nashukuru.

Chupa yako imekaa siku mbili garini juani. Kuifungua tu, kizibo kikampiga jirani kwenye paji. Ndani ilikuwa pombe tayari, naye akainywa yote, eti ni fidia. Juisi ya muwa haisafiri, mama. Inanywewa ilipokamuliwa.

Kukamua hukosei, unakosea kukata. Utamu wa muwa uko chini, wewe unauacha shinani. Unakatwa kwa kuinama, panga likilala karibu na udongo, na mkono wa kushoto unaushika muwa hivi. Hivyo vipi? Nimejaribu kuandika mara tatu, nimechana karatasi.

Usikate mwingine. Ufunguo wa nyumba nimempa jirani. Ijumaa napanda gari, na panga langu nakuja nalo.

Mama yako.