Collège ya Papa na Koleji Yangu

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimepita! Nimesoma matokeo ya kumaliza sekondari kwenye simu, nikayasoma tena, halafu nikamsomea Papa. Akasema Mungu asifiwe, akaanza kuwapigia rafiki zake wa Goma: mutoto yangu anaenda université! Bon. Mimi sijasema université. Ninachotaka ni koleji ya ufundi, upande wa Musanze, nisomee usindikaji wa vyakula. Hapa kwetu sambaza, vile visamaki vya ziwani, zinaoza mvua ikigoma kukatika, na viazi vya Kanama vinaondoka na malori, vinaturudia chipsi za paketi. Inaniudhi! Mwisho wa kuchagua ni Ijumaa ya wiki ijayo. Papa sijamwambia. Naogopa.

Alhamisi, 4 Septemba

Tonton Benon, mume wa shangazi, amekuja kula. Amekulia Uganda, Kiingereza kinamtoka hata akiomba chumvi. Akaninasihi mbele ya wote: usichague college kwa sababu ya majengo, wala kwa sababu rafiki zako wako huko. Nenda ukaione kwanza. Chagua college nzuri! Nikafurahi, nikaona amenifungulia njia bila kujua. Lakini Papa aliacha kula. Akaweka kijiko chini, akaenda kukaa nje peke yake. Nimekosa nini?

Jumamosi, 6 Septemba

Papa amenuna. Salamu anaitikia kwa pua. Mama anasema muache, atashuka.

Jumapili, 7 Septemba

Yesu wangu! Baada ya misa, mama Nyiransabimana wa kwaya amenikumbatia. Usilie, mutoto, kuanguka si kufa, wengi walirudia darasa na leo ni wakubwa. Kuanguka wapi? Kumbe Papa ameomba kwaya nzima iniombee! Nikamfuata pale pale mlangoni mwa kanisa. Papa, nani ameanguka? Akaniangalia kwa huruma — kwa huruma! — akasema:

"Si Benon alisema unarudia collège? Mi nilisoma collège kule Goma. Ni shule ya watoto wa kaptula. We ulinidanganya matokeo juu ya nini?"

Mama alicheka mpaka kitenge kikalegea. Ikabidi nieleze: college ya tonton, ya Kiingereza, si collège ya Papa, ya Kifaransa. Ya tonton ni ya waliokwisha kumaliza sekondari. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikatoa yote: ndiko ninakotaka kwenda. Papa hakucheka.

"Donc nitaambia watu mutoto yangu iko ku collège? Watanicheka."

Jina tu, jamani! Jina ndilo linanizibia njia. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikapika chai.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeshuka Rubona kwa rafiki yangu Denyse. Anasoma kwenye koleji hiyo hiyo, mwaka wa pili, yuko likizo. Mama yake anauza sambaza, basi tukaongea huku tukizigeuza kwenye jua. Nilitegemea anisifie koleji yake. Wapi! Alisema nisimsikilize mtu anayesifia geti. Niwaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho: mashine zinawaka, au zimefunikwa turubai? Nani anazigusa, nyinyi au mwalimu peke yake? Na waliomaliza wako wapi — wawataje kwa majina. Halafu akaninyooshea kidole kilichojaa magamba:

"Na kama unakuja sababu mi niko kule, baki kwenu. Mi nitamaliza. Utabaki na nani?"

Iliniuma kidogo. Njia nzima ya kurudi nikajiuliza: ningeenda hata kama Denyse hayupo? Ndiyo. Ndiyo!

Jumatano, 10 Septemba

Leo sikubishana. Nilimwambia Papa: twende ukaone mwenyewe, ukikataa nitanyamaza. Akajibu kuona si kukubali. Lakini amepiga viatu kiwi.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la koleji. Ndani ya basi nilimweleza Papa maswali ya Denyse, yeye macho kayafumba. Nilidhani analala! Getini akasoma kibao chenye lile neno, akakohoa. Tukapelekwa chumba cha maziwa. Théogène, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akaanza hotuba ya kutukaribisha. Papa akamkatiza: hii mashine inawaka? Ikawashwa. Nani anaiosha? Wao wenyewe. Wenzako waliomaliza wako wapi, taja majina! Akataja, wa kwanza ana kiwanda chake kidogo cha mtindi huko Nyabihu.

Kuingia chumba cha jibini lazima uvae koti jeupe na kofia ya wavu. Nikasema hapo basi, tumekwisha, Papa ni mtu wa suti. Amevaa! Nikatoka kumpigia Mama, na sasa naogopa kurudi. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Namwona dirishani anaonja, anaonja tena, anabishana na Théogène kwamba jibini ya Masisi, kule upande wa Goma, ilikuwa na chumvi zaidi. Wanafunzi wengine wamemzunguka, wanacheka.

Ametoa kichwa mlangoni, wavu umemkaa upande:

"Alliance! Unaingia, ao nijiandikishe mimi?"